Mtafiti akija shambani, kukubali ni kwako wewe

Watafiti wameanza tena kuzunguka vijijini na vishikwambi vyao. Umevuna gunia ngapi, umeuza bei gani, unadaiwa wapi? Wengine wanaomba damu au mkojo wapime sumu ya dawa unazopulizia nyanya. Na simu ya kwanza huwa inakuja kwangu: "Bwana shamba, tutafutie wakulima 40 kesho asubuhi."

Kuwaita nitawaita. Kukubali kwa niaba yenu siwezi, na mwenyekiti wa kijiji naye hawezi. Mtafiti anaweza kuwa na kibali cha COSTECH, barua ya wilaya, na kama ni utafiti wa afya, kibali cha NIMR. Mwombe akuonyeshe. Ila karatasi hizo zinamruhusu yeye kuja kuuliza, hazikulazimishi wewe kujibu.

Kuna wanaoniambia, "Si maswali tu, yana shida gani?" Hao wasome habari za Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani. Kuanzia 1932 idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini waliolima ardhi za wengine kwa kugawana mavuno. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, na hawakuambiwa. Waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Walipewa vipimo bure, chakula siku ya kupimwa na gharama za mazishi. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida miaka ya 1940, wao walinyimwa. Mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg iliweka kanuni zake za utafiti, na ya kwanza kabisa ni ridhaa ya hiari, lakini kule Alabama mambo yaliendelea hadi 1972, magazeti yalipofichua.

Kinachonikera zaidi ni jinsi walivyopatikana: chakula, huduma ya bure, na nesi mwenyeji waliyemwamini. Kwenye kijiji chenu, mtu wa nafasi kama ya yule nesi ni mimi. Ndiyo maana nikija na mgeni sitaki mkubali kwa kunionea aibu.

Nasikia pia minong'ono kwamba ukikataa kuhojiwa unafutwa kwenye mbolea ya ruzuku. Hapana. Mtu anayejibu kwa kuogopa kukosa mbolea hajaridhia, hata kama ameweka dole gumba kwenye fomu. Unaweza kukataa swali moja, unaweza kuacha katikati, na huna haja ya kutoa sababu. Nauli na soda ni sawa tu, muda wako una thamani. Ila uliza taarifa za bei na wateja wako ataziona nani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, itumieni jamani.

Sisemi muwafukuze watafiti. Mbegu nzuri mnazopanda zimetokana na utafiti.

Sasa wewe mwenye vibarua. Mtafiti akitaka kuwapima wapulizaji wako, usiwasainie, na usisimame pale wakati wanaulizwa. Kibarua hawezi kumkatalia bosi anayemlipa jioni. Waambie mapema kwamba kazi ipo, wakubali au wakatae, halafu nenda kaangalie pampu yako ya maji.