Mkutubi si Mlinzi wa Rafu

Imani iliyoota mizizi vyuoni, kwamba mkutubi ni mtumishi wa kuazimisha na kupokea vitabu ilhali ufundishaji na utafiti ni kazi ya wahadhiri peke yao, haihimili swali moja tu la mwanafunzi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi.

Kambi hiyo ya wilaya ya Dowa, iliyo mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na leo ina wakimbizi zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Tangu mwaka 2010, pale Wajesuiti walipoanzisha masomo ya stashahada kwa njia ya intaneti pamoja na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, wamo kambini wanafunzi ambao baadhi ya wahadhiri wao wako ng’ambo. Mwanafunzi wa namna hiyo akiuliza kwa nini wakimbizi wenye maduka Lilongwe waliamriwa mwaka 2023 kurudi kambini, aende rafu gani? Katika mfumo wa Dewey, yaani upangaji wa vitabu kwa namba kwa kufuata fani, uhamiaji uko 325, sheria za kimataifa 341, huduma za jamii 362 na historia ya Malawi 968.97, hivyo anayeishia kwenye rafu moja huondoka na kipande tu cha jibu.

Mkutubi anayemwonyesha kwamba Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987 kwa kutoa tamko kwamba baadhi ya vifungu, vikiwamo vya ajira na uhuru wa kutembea, havitaibana, kisha akamfunza kulinganisha ripoti ya shirika la misaada na maandishi ya sheria yenyewe, anafundisha. Na kama hilo si somo, basi semina nyingi za vyuo nazo si masomo. Vilevile, anayekusanya na kueleza kwa utaratibu mashairi na nyimbo za Tamasha la Tumaini, linalofanyika humo kambini tangu mwaka 2014, anatafiti, kwa kuwa anaamua nini kitasomeka kesho kuhusu watu ambao kwa kawaida huandikwa na wageni.

Wapo watakaosema kwamba anayegusa kila fani hana fani. Hoja hiyo inasahau kwamba S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyegeuka mkutubi huko Madras mwaka 1924, ndiye aliyebuni njia ya kuichambua mada katika pande zake nyingi kabla ya kuipa namba, na kwamba fani yake ilikuwa ni uhusiano wenyewe wa fani hizo.

Vyuo vya Lilongwe vinavyotuma watafiti Dzaleka vimwite mkutubi siku swali la utafiti linapotungwa, na jina lake liandikwe miongoni mwa watafiti, si kwenye ukurasa wa shukrani.