TAIRI NI LA TAJIRI, ROHO NI YETU



Mwezi huu tumepokea mashauri matatu ofisini, yote ya madereva, na yote yahusu tairi. Wa kwanza alikatwa mshahara kwa sababu tairi la nyuma lilipasuka njia ya Malava. Wa pili aliambiwa aendeshe na matairi yenye kipara mpaka mwisho wa mwezi, au arudishe ufunguo. Wa tatu alikamatwa na askari wa barabarani kwa ajili ya tairi ambalo hakulinunua, hakulichagua, wala hakuulizwa habari zake. Tajiri wake alikuwa nyumbani akinywa chai.

Basi twataka kusema wazi: kuchagua tairi si kazi ya tajiri peke yake. Yeye hutoa fedha, lakini anayeketi juu ya tairi hilo tangu alfajiri ni dereva, pamoja na makanga na abiria. Sharti dereva awe na neno katika shauri hilo. Na ili neno lake lisikiwe, sharti ajue anachosema.

Wengi wetu tukifika dukani twauliza bei, halafu twatazama meno. Meno hayasemi yote. Tairi huzeeka hata likikaa tu dukani bila kugusa lami. Tazama ubavuni, tafuta herufi DOT, na mwisho wa mstari ule utaona tarakimu 4. Zikiwa 2319, maana yake tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Pengine tarakimu hizo ziko ubavu mmoja tu, na ubavu huo umeelekea ukutani. Usione haya kumwambia mwenye duka aligeuze. Mpira wa zamani hukauka na kupata nyufa ndogo ndogo, na siku ya jua kali na mzigo mzito huachana na waya zake.

Halafu iko namba ya mzigo. Ukisoma 185/65 R15 88H, ile 88 yasema tairi moja laruhusiwa kubeba kilo 560, si zaidi. Namba 107, ambayo huonekana kwenye matairi ya matatu, ni kilo 975. Kiasi gari lako linachotaka mara nyingi kimeandikwa kwenye kibati karibu na mlango wa dereva. Wako wenye magari wanaonunua tairi la gari dogo na kulivisha matatu kwa kuwa limeingia kwenye rimu. Kiatu cha mtoto nacho huweza kuingia mguuni ukikikata kisigino, lakini hutafika nacho Mumias.

Hapa yafaa tujiseme na sisi wenyewe. Probox yenye viti 5 ikitoka stendi na watu 9, hakuna tairi duniani lililochaguliwa kwa kazi hiyo. Na hao wa zaidi hatukulazimishwa na tajiri kila mara. Mara nyingine nauli yao huingia mfukoni mwetu, twajua.

Sasa mitumba. Kiwanda cha tairi cha Nairobi, kilichojulikana zamani kwa jina la Firestone na baadaye kikawa cha Sameer, kilifungwa mwaka 2016, na wafanya kazi wenzetu wakapoteza kazi. Siku hizi matairi mengi tunayoyaona hutoka ng'ambo, mapya na yaliyokwisha tumika. Baadhi ya yaliyotumika yalitengenezwa kwa barabara za theluji za Japani. Utayajua kwa neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye kipande cha theluji. Meno yake ni mengi na yanapendeza sana, lakini mpira wake ni laini, wa kushika barafu. Kwenye lami yenye joto huisha upesi, na breki huchelewa. Bei yake ni rahisi kwa sababu hiyo. Hatusemi mtumba wote ni mbaya, maana twajua mifuko ilivyo. Twasema usome ubavu kabla ya kulipa.

Na lile la kuchonga tairi kipara kwa kisu cha moto ili lionekane lina meno, hilo ni kumdanganya askari na kuwaua abiria. Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha. Kakamega mvua hunyesha karibu mwaka mzima, tena alasiri magari yanapojaa. Matrekta ya miwa nayo huacha tope barabarani. Tairi lisilo na mifereji huelea juu ya maji, na katika mteremko wa kuelekea Kiboswa na Kisumu hakuna nafasi ya kujaribu mara mbili.

Tajiri akinunua mawili tu, wengi huyatia mbele. Yatie nyuma. Nyuma ikiteleza gari huzunguka, na usukani hauwezi kulirudisha. Mbele ikiteleza, dereva hupata angalau nafasi ya kupunguza mwendo. Lakini ya mbele nayo yasiwe kipara.

Kuhusu sheria, Sheria ya Trafiki, Sura 403, kifungu cha 55, yakataza gari bovu kutumika barabarani, na tairi limetajwa humo waziwazi. Anayesimamishwa njiani ni dereva. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mshahara kukatwa kwa uharibifu wa mali ya mwajiri uliotokana na makusudi ya mfanya kazi. Tairi lililokwisha kwa kutembea kazini halikuharibiwa kwa makusudi ya mtu. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka mfanya kazi aarifu hatari kubwa anayoiona, tena asirudishwe mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kwa hiyo mwambie tajiri kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na uuhifadhi. Maneno ya mdomo stendi hayana shahidi.

Twaomba kila dereva aandike kwenye karatasi nambari ya gari, zile tarakimu 4 za kila tairi, spea nayo, na namba ya mzigo, amletee karani wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Orodha hiyo tutakwenda nayo kwa wenye magari, gari kwa gari. Kuhusu mwenzetu aliyekatwa mshahara, barua imekwisha pelekwa, na tajiri wake amepewa siku 14. Jibu lake tutalichapa hapa.