Mawe Yetu, Digrii ya Nani?

Nairobi ina vijana wengi wanaokula kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao za chuo. Mimi ni mmoja wao na siombi msamaha. Karo ilinishinda nikaacha chuo. Kibarua hiki hakikuniuliza cheti. Juzi mteja akanitumia swali: ingia hifadhidata ya MagIC, tafuta mawe ya volkeno ya karibu na ikweta, eleza yanasema nini kuhusu uga wa sumaku wa dunia wa zamani. Anataka nimsomee mawe ya kwetu, bana, na jina litakaloandikwa juu ni lake.

Nikaingia. Lava ikipoa chini ya nyuzi 580 hivi, chembe za magnetaiti ndani yake hushika mwelekeo wa uga wa sumaku wa wakati huo na kubaki nao. Ndiyo maana tunajua kaskazini na kusini za sumaku zimewahi kubadilishana, mara ya mwisho karibu miaka 780,000 iliyopita. Kipindi kimoja cha kale zaidi, cha karibu miaka milioni 1.9, dunia nzima hukiita Olduvai, kwa jina la bonde la Tanzania ambalo lava yake ilipimwa.

Hapa kwetu, mwaka 2010, Neil Opdyke na wenzake, mmoja wao J. P. Patel wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha vipimo vya lava ya Loiyangalani na ya eneo la Mlima Kenya. Si utafiti wa mchezo. Ikweta ya sumaku leo haipiti Kenya, iko juu kule Ethiopia. Je, ukichukua wastani wa miaka milioni kadhaa, inarudi kukaa juu ya ikweta ya ramani? Mawe ya Iceland peke yake hayawezi kukujibu hilo.

Sasa mtoto wa Dandora anafundishwa nini? Anachorewa ubaoni kipande cha sumaku chenye N na S. Ukiuliza, unaambiwa eti hatuna maabara. Kupima jiwe kunataka mashine za bei ya gorofa, sawa. Kusoma kilichokwisha kupimwa je? MagIC haikuniomba digrii wala dola. Unachuja kwa latitudo na kwa umri wa mwamba, unapakua. PmagPy, programu ya kuchambua na kuchora matokeo, pia ni ya bure. Kilichoniumiza kichwa ni safu za vifupisho, na kujua kipimo gani cha kuamini. Vingine ni vya zamani, vya mawe ambayo hayakupashwa moto hatua kwa hatua kuondoa usumaku ulioingia baadaye. Kuwa kwenye orodha hakukifanyi kipimo kiwe kizuri. Hayo yanafundishika kwa wiki mbili, lakini walimu wetu wanalinda geti la jumba ambalo wao wenyewe hawajaingia.

Na si kwamba mawe yako mbali. Njiru na Kayole watu wanaponda kokoto kila siku. Mtafiti huweka alama ya kaskazini kwenye mwamba kabla ya kukata kipande. Bila hiyo, mwelekeo umepotea, ingawa nguvu ya uga bado inaweza kupimwa. Kumbukumbu ya mamilioni ya miaka inapakiwa kwenye lori na hakuna aliyewahi kumwambia mpondaji.

Kuna atakayesema Eastlands ipate maji kwanza. Maji tunayadai kila siku, lakini sijasikia mtoto wa Lavington akiambiwa asubiri mfereji ndipo asome fizikia.

Maktaba za Kaloleni na Makadara zipo. Pawe na kompyuta chache na mtu anayelipwa kufundisha jedwali hizi kwa Kiswahili, hata akiwa hana digrii. Na anayekuja kutoboa lava Loiyangalani, kabla hajapeleka mawe uwanja wa ndege, apite Kayole siku moja na alete matokeo ya safari iliyopita.