Mzee bado yuko kwenye mkanda

Leo naanza na swali la uchokozi kidogo: mkanda wa video ya harusi yako uko wapi? Siyo zile picha za ukutani, hapana. Nazungumzia ule mkanda mdogo, mkubwa kidogo tu kuliko kiberiti, uliotoka kwenye kamera ya dijitali ya miaka ile. Upo kabatini? Upo kwa wifi? Kama umeanza kukuna kichwa, basi leo naongea na wewe.

Dada mmoja ninayemheshimu sana alinipigia simu Jumamosi moja usiku, sauti imemkauka. "Mdogo wangu, mimi na shemeji yako hatuongei. Leo siku ya nne." Moyoni nikasema tayari, kuna nyumba ndogo hapo. Si unajua akili zetu zinakokimbilia? Kumbe wala. Watu wazima wawili walikuwa wamenuniana kwa sababu ya kopo la biskuti.

Ndani ya kopo hilo kuna mikanda mitano. Wao walioana mwaka 2007, na sendofu na harusi zote zilirekodiwa na mdogo wake bwana harusi kwa kamera ya mikanda midogo, ile inayoitwa MiniDV. Mkanda wa pili ndio wenye mzee wake dada akimpa binti yake wosia mbele ya ukumbi mzima. Mzee alifariki mwaka 2013. Tangu msiba ule dada anaomba kitu kimoja tu: "Baba watoto, hebu tuhamishie hiyo mikanda kwenye laptopu, wanangu wamwone babu yao." Na jibu ni lile lile: "Nitafanya wikiendi." Hesabu mwenyewe ni wikiendi ngapi hizo.

"Hajali," dada akaniambia. "Angekuwa baba yake ingekuwa imehamishwa siku nyingi."

Nikamwambia njooni kesho na kopo, kamera na waya zake zote, na shemeji asikose. Mimi nilisoma mawasiliano ya umma, na chuoni kazi zetu za video tulirekodi kwenye mikanda hiyo hiyo. Laptopu yangu ya enzi hizo ninayo mpaka leo, nzito kama tofali, na ilinisitiri siku hiyo. Nitakwambia kwa nini.

Siyo kama kuhamisha picha za simu

Wengi wanadhani kuhamisha mkanda ni kama kutoa picha kwenye simu: unachomeka, unakopi, dakika tano umemaliza. Haiko hivyo. Kwenye mkanda hakuna faili la kukopi. Kamera inabidi iucheze mkanda mwanzo hadi mwisho huku laptopu inarekodi. Mkanda wa saa moja unachukua saa moja. Hakuna njia ya mkato.

Waya nao una mambo yake. Kamera hizi zina tundu dogo lililoandikwa DV, au i.LINK kama ni Sony. Jina lake jingine ni FireWire. Hapo ndipo picha inapotoka ikiwa safi kama ilivyorekodiwa. Tundu la USB lililo pembeni yake, kwenye kamera nyingi za aina hii, ni la picha za mnato au video hafifu tu, usidanganyike nalo. Tatizo ni kwamba laptopu za siku hizi hazina tundu la FireWire. Mtaani utauziwa kiwaya cha bei poa, upande mmoja FireWire, upande wa pili USB. Usitoe hela yako. Mifumo hiyo miwili haiongei lugha moja, na kuunganisha waya tu hakuifanyi ielewane.

Ndiyo maana tofali langu lilikuwa dili: lina hilo tundu. Kwa hiyo kabla hujaenda kununua chochote, ulizia kwa ndugu na marafiki laptopu ya miaka ya 2000. Ukikosa kabisa, ipo njia ya pili: zile waya tatu za rangi, wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti, unazichomeka kwenye kifaa kidogo cha kunasia video kinachoingia kwenye USB. Picha itapungua ubora kidogo, lakini ni afadhali sura iliyofifia kidogo kuliko kopo la biskuti.

Nafasi nayo ni muhimu. Saa moja ya mkanda wa DV inakula takriban GB 13. Mikanda mitano tayari ni GB 65. Na flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Utahangaika usiku kucha ukidhani flashi ni mbovu, kumbe inabidi tu uiformati upya kwa exFAT. Ila kuformati kunafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo toa vitu vyako kwanza.

Jumapili yenyewe

Walikuja saa nane mchana. Dada akakaa mwisho wa kochi huku, shemeji mwisho wa kule, katikati pangetosha watu watatu. Kamera tukaichomeka kwenye umeme, maana betri zake zilikufa zamani. Kila mkanda tukausogeza kile kiswichi chake kidogo kutoka REC kwenda SAVE, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya asifute kitu. Kisha nikauliza tuanze na upi.

"Wa Mzee," dada akasema.

"Hapana, wa Mzee uwe wa mwisho," shemeji akadakia. Ndilo neno la kwanza alilotamka tangu aingie.

Na alikuwa sahihi. Kamera iliyolala miaka mingi huwezi kujua ina nini tumboni. Jaribu kwanza na mkanda usiouma sana. Tukaweka wa tano, wa kucheza muziki.

Saa moja nzima hakuna wa kuondoka, maana lazima mtu aangalie kama picha inakatika. Dakika kumi za kwanza kimya. Ilipofika ya ishirini akatokea mjomba mmoja na suti ya rangi ya embe, dada akacheka. Shemeji akacheka. Kisha tukaweka wa kwanza, kisha wa tatu. Watoto wakaacha simu zao wakaja kukaa chini. Ile nafasi ya kwenye kochi sikuona ilijaa saa ngapi.

Nikanyoosha mkono kuchukua wa nne. Ulikuwa umefungwa kwenye mfuko wa nailoni peke yake.

"Huo usiuweke, shem," shemeji akasema taratibu.

Kimya. Dada akamgeukia.

Ndipo akasema. Mwaka 2014, miezi michache baada ya msiba, alichukua mkanda mmoja wa keki akaupeleka kwa fundi mjini kwa majaribio, kabla ya kumkabidhi wa Mzee. Mashine ikautafuna. Akarudishiwa umekunjamana kama karanga za kufungia. Akauficha. Tangu siku hiyo kila akiliangalia kopo lile mikono inamtetemeka.

"Nikaona bora unione mzembe," akamwambia mkewe, "kuliko uje uniambie nimemuua Mzee mara ya pili."

Dada hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu: "Ungeniambia tu."

Basi. Zaidi ya miaka kumi ya "hajali" ikaishia kwenye maneno mawili. Nikaweka mkanda wa pili. Sikuficha, hata mimi nilikuwa nashika moyo. Picha ikaja. Mzee kasimama na kaunda suti yake, kashika maikrofoni kama mtu aliyekabidhiwa samaki hai. Akaigonga mara mbili na kidole. "Hiki kitu kinasikika?"

Dada alilia hapo. Siyo kwenye wosia, hapo hapo kwenye kugonga maikrofoni. Na kale ka mwisho ka miaka tisa, kasikomjua babu yake kabisa, kakauliza: "Mama, mbona babu anaongea kama anko?"

Usisubiri msiba ndipo utafute waya

Sasa wewe msomaji wangu, usingoje ufike huko. Yapo mambo machache ya kuzingatia.

Kagua mikanda yako leo. Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, unyevu wa pwani ni adui. Ukiona madoa meupe kama unga kwenye utepe, hayo ni maukungu. Usiucheze, utachafua kamera na mikanda mingine yote itakayofuata. Tafuta mtu anayejua kuusafisha. Na kamera ikitoka kwenye kiyoyozi kuingia kwenye joto iache itulie kwanza, kwa sababu umande ukiingia ndani utepe unanasa.

Mkanda ukiwa mzima, ukimbize mbele mpaka mwisho kisha urudishe kabla ya kuucheza. Zima mambo ya laptopu kulala yenyewe. Baada ya kuhamisha, fungua faili uangalie mwanzo, katikati na mwisho. Kisha weka nakala tatu: moja kwenye laptopu, moja kwenye diski ya nje, na moja nyumba nyingine kabisa, kwa dada au kwa mama. Ile nzito itunze kama ilivyo. Ya kurusha kwenye simu tengeneza nyingine ndogo ya MP4. WhatsApp siyo kabati, video ikipita pale inabanwa na ubora unashuka.

Kama kamera yako ilikuwa ya kadi au ya diski ya ndani, una bahati, wewe kweli unakopi tu. Ila zile rekodi za tamthilia kwenye king'amuzi cha kulipia usizihangaikie. Kwa kawaida zimefungwa kwa kufuli la kidijitali zichezwe kwenye king'amuzi hicho tu.

Na la mwisho ndilo kubwa. Usilifanye peke yako usiku wenzako wamelala. Mwite mwenzi wako mkae wote. Sisi wanawake tuna haraka ya kuhukumu, na wanaume wetu wana ugonjwa wa kunyamaza. Mtu anaweza kushindwa kufanya jambo siyo kwa sababu hajali, bali kwa sababu anajali mpaka anaogopa. Hilo hutalijua kwa kuuliza "kwa nini hujafanya?" mara mia. Wakati mwingine mpaka mkae kochi moja, saa moja ya mkanda iishe kwa saa moja, bila mtu kukimbiza mbele.

Wikiendi hii fungua hilo kopo. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.