Mwili wako haumsubiri mgeni rasmi

Ndugu yangu kijana, hebu nikuulize swali moja. Mara ya mwisho kutokwa na jasho ilikuwa lini? Sisemi jasho la kubanwa kwenye daladala, wala la joto la Februari. Nasema jasho la kukimbia. Usinijibu haraka. Malizia kwanza ubishi wa Simba na Yanga hapo kijiweni, nakusubiri.

Sisi walalahoi tunajidanganya kwamba kisukari na shinikizo la damu ni magonjwa ya vigogo wenye vitambi. Uongo mtupu! Chipsi mayai haichagui tumbo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hazifiki hata mechi mbili za mpira. Wewe mechi nne kwa wiki unazimaliza, lakini umekaa kwenye benchi kibandani!

Wakubwa nao wana dawa yao. Mwaka 2016 serikali ilitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Nisiwe mwizi wa fadhila, wazo si baya. Lakini hesabu mwenyewe: ni siku 12 kwa mwaka mzima. Fulana mpya, spika, hotuba, mgeni rasmi, kwaherini. Mwili hauendeshwi kwa sherehe.

Unajua nani anayeweza kumvuta kijana? Kampuni za kubeti. Wao hawakuhubirii. Wanakupa mchezo, wanakupa bonasi, wanakuonyesha kwamba imebaki timu moja tu mkeka utiki. Unatoa hela ya chai kwa hiari yako, unaliwa, na kesho unarudi. Nawachukia kwa wanavyotufanya, lakini ujanja wao naukubali. Kwa nini ujanja huo usijenge kifua chako badala ya kutoboa mfuko wako?

Wenzetu wamejaribu. Mwaka 2016 ulitoka mchezo wa simu uitwao Pokémon GO, ambao humtoa mchezaji nje atembee mitaani kuwinda vikatuni. Watafiti waliwafuatilia vijana wa Marekani wa miaka 18 hadi 35. Wiki ya kwanza waliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku. Ilipofika wiki ya sita, nyongeza yote ilikuwa imeyeyuka. Mchezo wa wewe na simu yako unachuja upesi.

Uskoti walipita njia nyingine. Kati ya mwaka 2011 na 2012, vilabu 13 vya soka viliwafungulia milango washabiki wao wanene wa miaka 35 hadi 65. Walifanya mazoezi kwa wiki 12 kwenye uwanja wa timu yao, chini ya makocha wa klabu, kila mmoja na kifaa cha kuhesabia hatua zake. Wanaume 747 waliingia kwenye utafiti huo, nusu wakaanza na nusu wakasubiri. Baada ya mwaka, walioanza walikuwa wamepungua karibu kilo 5 zaidi ya waliosubiri. Hawakuitwa wagonjwa, waliitwa washabiki. Na ushabiki sisi tunakosa?

Mimi si daktari, niliishia kidato cha nne. Nakueleza nilichokiona kijiweni kwetu Manzese. Tulitundika ubao, tukaanza kumpa pointi mwenye mbio. Kosa kubwa! Baada ya wiki mbili walibaki watatu wenye mbio zao, sisi wengine tukarudi kwenye drafti. Tukabadili sheria. Simba upande huu, Yanga upande ule, pointi moja kwa kila anayefika saa kumi na mbili asubuhi, hata kama anatembea. Jumapili, upande ulioshindwa unanunua kahawa na kashata. Leo yule mnene tuliyekuwa tunamcheka anagongewa mlango alfajiri na Yanga wenzake, maana akilala, pointi yao imepotea. Siri ndiyo hiyo: hesabu aliyekuja, usihesabu aliyewahi kufika.

Kuna kikwazo, nacho ni uwanja. Pale tulipochezea chandimu utotoni leo pana ukuta na geti, ndiyo maana tunakimbia barabarani tukikwepa bodaboda. Nani aliuza? Swali hilo mpelekee diwani wako na mwenyekiti wa mtaa, mbele ya mkutano wa hadhara, na usikubali kujibiwa kwa fulana.

Lakini usikae ukisubiri majibu yao. Chaki inauzwa dukani kwa mangi, na ubishi wa Simba na Yanga mnao tayari. Kesho alfajiri mgongee mwenzako mlango. Akikutukana, mwambie timu yake inaongoza kwa kulala.