Sadaka Haiwi Badala ya Fidia



Hapa kwetu Ujiji ni ada, baada ya swala ya Ijumaa, kutandaza kitambaa mlangoni mwa msikiti na kumchangia ndugu aliyefikwa na mtihani. Miezi saba iliyopita tulimchangia kijana aliyekatwa vidole vitatu na mashine ya kuranda mbao katika karakana alikoajiriwa. Tajiri wake alilipa gharama za siku ya kwanza hospitalini, akampa shilingi 100,000, kisha akamwambia: “Mambo haya tuyamalize kindugu. Ukienda kudai fidia, usirudi kazini.” Kijana ana mke na watoto wawili. Alinyamaza.

Inatupasa hapa kukiri kosa letu. Tajiri yule husali nasi safu ya mbele. Alituomba tuandike karatasi ya suluhu, kwamba kijana amesamehe na hatadai chochote. Tuliiandika, tukaipiga muhuri wa msikiti, tukadhani tumepatanisha Waislamu wawili. Kisha tukamchangia kijana Ijumaa tatu. Mama yake alipotujia mara ya nne hakuomba mchango. Aliuliza: “Wanangu, mwanangu aliumia kazini au msikitini?”

Hatukuwa na jibu. Tukaenda kuisoma sheria ambayo tulipaswa kuisoma kabla ya kushika kalamu.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko ulianza kupokea michango Julai 2015, na kulipa mafao Julai 2016. Mchango ni wa mwajiri peke yake. Haukatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Kwa sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Kwa mfanyakazi wa shilingi 300,000, hiyo ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Aliyeumia halazimiki kuthibitisha kwamba tajiri alizembea. La msingi ni kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Mafao yake ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, na akifariki, haki za wategemezi wake.

Basi mwajiri aliyetimiza wajibu wake ana hofu gani, ilhali mlipaji ni Mfuko? Tunachelea kwamba anayemtisha mgonjwa asidai huwa anaficha deni lake mwenyewe: hakujiandikisha, au hakuchangia.

Kusamehe ni fadhila kubwa katika dini yetu, lakini msamaha hutoka kwa mwenye haki, kwa hiari yake. Aliyetishiwa riziki yake hakusamehe, amelazimishwa. Nanyi mliotoa sadaka zenu, Allah awalipe kheri, mlidhani mnamsaidia mnyonge. Kwa kalamu yetu, sadaka hizo zikawa zinampunguzia tajiri mzigo wake. Tumefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Itakuwaje aliyemwaga damu?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ukiumia kazini, mjulishe mwajiri mara moja, kwa maandishi. Yeye naye anawajibika kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7. Tunza vyeti vya hospitali na hati za mshahara, na andika majina ya walioshuhudia. Usikawie, kwani sheria imeweka muda wa miezi 12, na miezi hiyo huishia katika maneno ya “subiri kwanza”.

Tumewaita wote wawili, tumeufuta ushahidi wetu katika karatasi ile, na tumemwandikia kijana barua ya madai. Imebaki miezi mitano. Tajiri hakufurahi, na salamu zake kwetu zimepungua. Tunamwombea, kwa kuwa deni la mja ni zito kulibeba hadi Akhera.

Kitambaa kitaendelea kutandazwa mlangoni. Ila kwa kamati za misikiti mingine tuna nasaha moja: kabla hamjapiga muhuri, jiulizeni swali la mama yule.

Wabillahi tawfiq.