Karo Kwanza, Kisima Baadaye

Hakuna sadaka inayosifiwa Unguja kama kisima. Mzazi akifariki, watoto walioko Muscat, Dubai na London huchangishana, pesa zikatumwa, mashine ikaja, maji yakaruka juu, dua ikasomwa na picha zikasambazwa kwenye simu. Wafadhili wa nje nao mtindo wao ni huo huo, na wanasiasa hawako nyuma: kampeni isiyo na ahadi ya visima haijakamilika. Tumekwisha kubaliana, bila ya mtu kuuliza, kwamba shida ya maji ya kisiwa hiki ni uhaba wa visima, na kwamba kila anayechimba kimoja ametupunguzia shida hiyo.

Imani hiyo ni ya makosa, na kwa mahali tunapoishi ni ya hatari. Hapa mjini visima tunavyo. Kilichotuishia ni ardhi safi ya kuvichimba, na tunaoichafua ni sisi wenyewe kwa makaro yetu ya vyoo. Mwenye pesa ya kisima cha Mjini Magharibi leo angepata kheri kubwa zaidi lau angeizika pesa hiyo chooni.

Sijaja kutania. Tuanze na jiwe tunalolikalia. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe, na jiwe hilo ukilivunja utaliona lina matundu kama mkate wa kumimina. Mvua ya masika ikinyesha hupenya humo, ikateremka mpaka ikakutana na maji ya bahari yaliyojipenyeza kutoka pwani. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake. Hiyo ndiyo akiba yetu. Hatuna mto wa maana wala ziwa la kututosha. Kisima cha Mamlaka ya Maji (ZAWA), cha hoteli ya Nungwi na cha sadaka ya Mpendae vyote vinategemea maji hayo hayo yaliyolala chini ya miguu yetu.

Sasa mvua inapopita ndipo karo nalo linapopita. Karo letu la kawaida ni shimo lililojengewa matofali pembeni, chini likaachwa wazi makusudi ili ardhi inyonye. Utamsikia mwenye nyumba akilisifu: tangu lijengwe halijajaa, gari la kunyonya hajawahi kuliita. Hajiulizi yote yale yamekwenda wapi. Karo lisilojaa ni karo linalovuja, na kwenye mji uliobanana kama wetu linavuja kuelekea maji ya mtu.

Wataalamu wa misaada ya dharura wana mwongozo wao, Sphere, unaotaka choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini, na umbali uongezwe pale penye miamba yenye nyufa kama hii yetu. Nenda Jang'ombe, Kwahani, Magomeni au Mikunguni ukazitafute mita hizo. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi na watu 593,678. Ya 2022 ikawakuta 893,169. Karibu laki tatu wameongezeka ndani ya miaka kumi, na walio wengi hawana bomba la maji machafu la kujiunga nalo. Kila nyumba mpya imekuja na shimo lake.

Kuna kisima kimoja cha sadaka Ng'ambo ambacho hunisimamisha kila nikipita. Ni kizuri kwelikweli: tangi jeusi juu ya mnara wa zege, mifereji minne ukutani, rangi ya kijani, na kibao cha marumaru chenye jina la marehemu. Watoto hupanga madumu ya njano tangu alfajiri. Zunguka nyuma ya ukuta huo huo, hatua chache tu, utakuta mfuniko wa karo la jirani, zege limepasuka pembeni, na masika yakianza unafoka. Usiku wa mvua kubwa wako hata wanaoufunua kwa mikono yao, mafuriko yawafanyie kazi ya gari. Asubuhi foleni ya madumu iko pale pale.

"Lakini maji yake meupe na matamu," nitaambiwa. Hapo ndipo imani hii inapoua. Mwaka 1854, mtaa wa Soho mjini London, kulikuwa na pampu ya kisima katika Broad Street iliyopendwa kwa ladha yake hata mwanamke mmoja aliyehamia mbali akawa anachotewa na kupelekewa nyumbani. Kipindupindu kilipozuka, naye akafa huko huko mbali. Daktari John Snow alifuata vifo nyumba kwa nyumba mpaka vikamfikisha kwenye pampu ile, akawashawishi wakuu wa mtaa waondoe mpini wake. Baadaye walipochimbua walikuta shimo la choo cha nyumba ya jirani likivujia kisimani, si zaidi ya mita moja kando. Vijidudu havina rangi wala ladha.

Sisi wenyewe tulikuwa na fundisho letu. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu Unguja, na daktari wa Kiskoti aliyekuwa akiishi hapa, James Christie, akatoa kitabu kizima mwaka 1876 juu ya maradhi hayo Afrika Mashariki. Sayyid Barghash alishika ufalme 1870, msiba ukiwa ndiyo kwanza umepita. Huo ulikuwa mji ambao visima vilikuwa ndani ya nyua za nyumba, vyoo navyo humo humo. Angeweza kuchimba vingine, mafundi walikuwepo na watu wangemsifu. Alichofanya ni kutandaza mabomba kutoka chemchemi za Chemchem na Bububu, nje ya mji, mbali na mashimo ya vyoo, na kuwaletea watu maji bure. Sultani wa karne ya 19 alielewa jambo ambalo kamati zetu za leo hazitaki kulisikia: maji ya kunywa ya mji hayachotwi chini ya vyoo vya mji.

Na kipindupindu hakijatusamehe kwa kuwa tumesahau. Mlipuko wa 2015 na 2016 ulifika mahali Serikali ikapiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji mitaani. Muuza juisi akaonekana ndiye adui. Juisi ile ilitengenezwa kwa maji gani? Baada ya hapo ukaja mpango wa kukitokomeza kipindupindu Zanzibar, wa 2018 hadi 2027, ambao umeweka usafi wa mazingira sambamba na maji. Kwenye karatasi tumeelewa. Mitaani bado tunakata utepe wa visima.

Dunia nzima ina ugonjwa huu. Kwa hesabu za WHO na UNICEF za mwaka 2022, watu bilioni 2.2 hawakuwa na maji ya kunywa yenye usalama wa uhakika. Wasiokuwa na huduma salama ya choo walikuwa bilioni 3.5. Choo kiko nyuma kila mahali kwa sababu hakipigiwi picha. Na kisima kilichochimbwa kwa nia njema kimewahi kuleta balaa kubwa kuliko letu: Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa kwa msaada wa UNICEF ili watu waache maji machafu ya mabwawa. Katika miaka ya 1990 ikabainika kwamba vingi vilikuwa na sumu ya arseniki itokayo ardhini. Makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wakiinywa. Nia ilikuwa safi na maji yalikuwa meupe, ila maji yenyewe hayakuwa yamepimwa sumu hiyo.

Najua hoja itakayonijia kutoka msikitini, nami naiheshimu. Saad bin Ubada alipomuuliza Mtume sadaka iliyo bora kwa mama yake aliyefariki, alielekezwa kwenye maji, akachimba kisima. Ni kweli. Lakini mapokezi hayo hayo ya dini yanatutahadharisha na mambo matatu yenye kuleta laana, na mojawapo ni kujisaidia mahali watu wanapochota maji. Mafakihi wakaenda mbele zaidi, wakakiwekea kisima harimu yake, eneo la kukizunguka ambalo haifai mtu kulivamia. Tumeichukua nusu ya mafundisho, nusu iliyo na kibao cha marumaru, tukaiacha nyingine. Sadaka yenye kuendelea ni ile ambayo manufaa yake yanaendelea. Kama kinachoendelea ni mtoto kuharisha, anayetoa fedha ana haki ya kuhofia hesabu yake.

Aliyekinunua kisima cha Ruma kule Madina, Uthman bin Affan, alikiweka wakfu. Wakfu una msimamizi na una mali ya kuutunza. Zanzibar inalijua jambo hili kuliko wengi: nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu, kodi zake zililisha misikiti na maskini, na mpaka leo tuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Iweje basi kisima cha leo kikabidhiwe kwa takbiri, na siku mota ikiungua kusiwe na wa kuulizwa? Umeme ulipokatika kisiwani kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, pampu zilinyamaza na mji ukarudi kwenye visima vya kamba, vile vile vilivyo kando ya makaro. Mota, umeme, dawa ya klorini, vipimo vya maji: vyote ni gharama za kila mwezi. Usione vyaelea, vimeundwa. Kutoa kisima bila ya kutoa cha kukitunza ni kuuachia mtaa deni.

Wako watakaosema karo ni kazi ya Serikali. Ndiyo, na Serikali haitoki hapa bila lawama. ZAWA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ina dhamana ya maji. Maji machafu yako kwenye mabaraza ya manispaa. Ofisi mbili, bajeti mbili, na chini ya ardhi jiwe moja. Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini mabomba yake yanamwaga uchafu baharini bila ya kusafishwa, bahari ile ile vijana wanayoirukia Forodhani jioni watalii wakishangilia. Kiongozi anayetaka kunishawishi kwamba anashughulikia maji asinioneshe idadi ya visima alivyofungua. Anioneshe mtambo wa kusafisha maji machafu, na idadi ya magari ya kunyonya yanayofanya kazi.

Wengine watasema tatizo ni mahoteli. Nao hawajakosea. Utafiti wa shirika la Tourism Concern uliotoka 2012, uliogusa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulikuta nyumba moja ya kijiji ikitumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano zaidi ya lita 3,000. Pampu zikivuta kupita kiasi, maji matamu hupungua na chumvi hupanda. Hilo nalo linavunja imani ya visima: kisima kipya hakiongezi tone moja ndani ya ardhi, kinaongeza mrija wa kuvuta. Kwenye vijiji vya maweni, ambako mwanamke bado anatembea na dumu kichwani, siwaambii watu wasubiri. Huko kisima bado ni kheri, kikichimbwa baada ya kupima chumvi na kujua nani anavuta kiasi gani jirani. Ugomvi wangu ni na desturi ya mjini.

Kinachotuzuia hasa ni kuona haya. Hakuna anayetaka jina la mama yake lihusishwe na choo. Kamati ya msikiti inayoweza kuchanga kwa kisima Ijumaa moja haiwezi kutamka neno karo mimbarini. Mficha uchi hazai. Choo cha skuli chenye maji na mlango unaofungwa, kinachomwezesha msichana kuja darasani siku zake zote za mwezi, ni sadaka. Karo lililojengwa chini kwa zege, lisilovuja, kwa mjane asiyeweza kulijenga mwenyewe, ni sadaka. Gari la kunyonya la shehia tatu, kwa bei ya mnyonge, likiendeshwa kwa kodi ya duka la wakfu pale Darajani, ni sadaka itakayokwenda mbali kuliko visima kumi.

Kwa hiyo nina ombi kwa masheha, maimamu na ndugu zetu wa Muscat na London. Akija mtu na pesa ya kisima mjini, aulizwe: makaro yako umbali gani, maji yatapimwa na nani na kila lini, na mota ikiungua italipwa na mfuko upi? Asipokuwa na majibu, pesa zake zipokewe kwa shukrani na zielekezwe kwenye makaro ya mtaa huo huo, kwa nia ile ile na kwa jina la marehemu yule yule. Na waliokwisha kuchimba hawajachelewa. Wapeleke chupa ya maji maabara mvua za masika zikishika, wakati makaro yanafoka na ukweli hauwezi kujificha. Majibu yakija mabaya, mfereji uandikwe wazi kwamba ni wa kufulia na kuoshea, hata kama kibao kizuri kiko juu yake.